Mwanzi wa Jirani

Bi Loveday alinifungulia mlango kwa hasira.
Si kwangu. Kwa mwanzi.
Ulikuwa umepita chini ya ua kutoka kwa jirani,
umeinua vigae vya uwani kwake,
umechungulia hadi kwenye bomba la choo.
"Ng'oeni wote," alisema, "msiniachie hata jicho."
Upande wake wa kushoto ulikuwa umelala tangu kiharusi;
maneno hayo aliyasema ameshika fremu ya alumini ya hospitali
kama mtu aliyeshikishwa kamba ya mbuzi wa watu.

Mvua ya Penryn hainyeshi, inanuna.
Siku tatu mimi na Jory tulichimba ndani ya mnuno huo,
tukajaza gari mara mbili,
tukaacha shimo la kumzikia ng'ombe.

Karakana yetu iko nyuma ya duka la matairi.
Huko mianzi husimama miezi sita
ikishusha maji yake bila kusukumwa na mtu.
Tunaigonga, tunategea sikio:
mbichi hujibu du,
kavu hujibu ti.
Samaki mkunje angali mbichi, tuliambiwa utotoni;
mwanzi haukusoma shule hiyo.
Ukiupinda mbichi unakubali, unatabasamu,
usiku unarudi ulikotoka.
Unataka ukauke kwanza, halafu moto mdogo,
halafu mkono usio na papara.

Mimi papara ninayo.

Februari akapiga simu: gongo langu liko wapi?
(Nasema gongo, msinicheke watu wa Korogwe,
si lile la chupani.)
Nikakausha kando ya jiko, wiki moja badala ya miezi.
Lilipendeza. Nililipiga picha.
Siku ya nne likapasuka chini ya fundo la tatu,
mbele ya duka la dawa,
na kilo hamsini na mbili zilizoniamini
zikaenda chini pamoja nalo.
Nilikuwa nimemkalisha kwenye kuti kavu,
na kuti lenyewe nililikausha mimi.

Hospitalini, nyonga imevilia damu, hakunitukana.
Aliomba vipande.
Akaingiza ukucha ndani ya ufa, akaufuata mpaka mwisho.
"Marehemu wangu alichonga mawe, Kihiyo."
(Jina langu hulitamka kama chafya.)
"Jiwe lina mshipa wake. Na hili linao.
Ulilisikiliza?"

Kwenye basi la kurudi sikukaa, ingawa viti vilikuwepo.

Baba yangu alikata mkonge miaka thelathini na moja,
miiba ikamwandika mikono yote miwili,
nami niliapa jani lile halitanishika.
Aprili nikaagiza katani, kilo tano.
Posta nikaufungua mzigo palepale kaunta, nikanusa,
karani akauliza kama nimepata habari mbaya,
nikakosa la kumjibu.
Sasa kila fundo nalivisha nyuzi zake,
mzunguko juu ya mzunguko, zimelowa utomvu wa msonobari,
na vidole vyangu vinaijua kazi hiyo
kuliko mimi ninavyotaka vijue.

Gongo la pili lilining'inizwa mifuko ya mchanga wiki mbili.
Jory akaliegemea kwa kilo zake mia na kumi, akarukaruka.
Nikaliacha wiki moja zaidi, bila sababu,
kwa adabu tu.

Septemba nilimpelekea.
Hakusema asante; alilinusa kwanza,
akalipima kiganjani, akaiacha alumini imesimama peke yake jikoni,
akatoka nje, hatua, gongo, hatua,
mpaka ukingoni mwa shimo tulilofukia.

Chipukizi moja. Refu kama kidole cha kati.
Jicho moja lilikuwa limetuponyoka.
Nikainama niling'oe, nikiomba radhi.
"Toa mkono."
Akaligonga mara mbili kwa ncha ya gongo,
akainamisha kichwa upande ule unaosikia vizuri.
"Bichi," akasema,
akageuka kurudi ndani, akaniacha nifunge lango.