Usifungue Bado

Tandale, alfajiri, kabla mizani haijaanza kubishana na watu,
naweka sikio kwenye gunia kama mkunga.
Wanatafuna.
Si kelele. Ni kama mtu anakunja karatasi
chumba cha tatu, hataki usikie.

Kikulacho ki nguoni mwako, tuliambiwa.
Changu kimo kwenye mahindi ya Kibaigwa,
magunia arobaini, yote ya mkopo:
fukusi na pua yake ya kuchongoka,
na yule dumuzi tunayemwita Skania
maana akipita njia hakibaki kitu.

Marehemu Kondo alikuwa mtu wa vidonge.
Alivichomeka kati ya magunia usiku, akafunga mlango,
akalala ukumbini na kanga yangu puani.
Asubuhi tulifagia wadudu, tukajaza kopo.
Siku moja tulimfagia na paka wa jirani.
Habari ya kifua cha Kondo sitaisema.

Sasa Sikudhani, mtoto wa mdogo wangu,
kaja kutoka Morogoro na mifuko kwapani.
“Kwanza chumvi, mama mkubwa.”
Chumvi kavu, mahindi kiganja, chupa ya soda, tikisa.
Chumvi ikaganda kwenye kioo.
Hewa ya Dar ina jasho lake, hata nafaka inalijua.
Siku mbili tukaanika uani juu ya turubai,
mimi na fimbo, kuku wa Bi Chausiku na ukaidi wao.
Mara ya pili chumvi ikaporomoka kama mchanga.

Mfuko ndani ya mfuko ndani ya kiroba.
Shindilia. Kamua hewa. Sokota shingo, ikunje,
kaza kwa mpira wa baiskeli.
“Na dawa?”
“Hakuna dawa. Watapumua mpaka iwaishie.”

Siku ya tatu, bado wanatafuna.
Siku ya sita, polepole,
kama mtu anayehesabu hela akijua hazitoshi.

Siku ya tisa akaja Chilongani wa lori.
Bei imepanda, anasema, noti ziko mkononi.
“Nifungulie moja tu, nione mali.”
Na rejesho la mkopo ni Jumatano.

Nikashika fundo.
Maisha yangu yote nimefungua mapema:
wali kabla haujakauka,
bahasha ya hospitali, ngazini, kabla daktari hajakaa.
Tundu la msumari tu, alisema Sikudhani,
na waliolala wataamka na njaa ya siku tisa.

Nikaachia fundo.
“Rudi mwezi ukiandama.”
Akacheka, akavuka mtaro, duka la pili.
Jumatano niliuza cherehani.

Usiku ule umeme ulikatika, feni ikafa.
Nililala chali chini ya bati
nikajikuta napumua kidogo kidogo,
kama kuna mtu nagawana naye.
Siwaonei huruma. Wamenila vya kutosha.
Ila hakuna aliyewagusa:
walikuwa ndani ya chakula mpaka shingoni,
wakala, wakapumua, wakala.

Leo ni siku ya ishirini na tatu.
Sikio kwenye kiroba, kiganja kwenye fundo.
Kimya.
Labda wamekwisha.
Au wamebana pumzi, kama mimi,
tunasikilizana nani ataanza.