Mlinzi wa Ghala

Betri haikufa kwa kazi, Broņislavs.
Ilikufa kwa kusubiri.

Nimekifungua kile kidude ulichokipachika mzingani
siku ya Mtakatifu Martini, theluji ikiwa bado inajaribu kushika.
Kihisi kizima. Redio nzima. Antena ina nta, basi.
Nikagusisha ncha za multimita, kila kitu kikiwa kimelala,
namba ikasimama: miliampia tano.
Sasa nani anakula usiku kucha?

Kidhibiti volteji. Cheusi, miguu mitatu,
nadhani ulikichomoa kwenye redio ya gari,
ambako betri ni nzito kama jiwe la kaburi
na hakuna anayehesabu makombo.
Uliajiri mlinzi wa ghala
na mshahara wake ni ghala.

Bandu bandu huisha gogo:
tano kila saa, siku ishirini, kwisha.
Na hata hizo ishirini hukuzipata,
maana huyu hali tu, anadai na heshima:
umpe volti moja na ushei juu ya zile anazotoa,
la sivyo hafungui mlango.
Betri ingali na nusu ya uhai wake,
yeye akatangaza njaa.

Februari nyuki wako walikuwa zulia sakafuni.
Na sisi tulikuwa tukiambiana, kimya ni salama.

Gundars alipiga simu kutoka Riga:
"Mama, chukua kile cha kukatakata umeme,
ufanisi asilimia tisini na tano."
Ndiyo, mwanangu, kikiwa na shughuli.
Hiki chetu husema sekunde mbili kila robo saa
kisha hulala fofofo.
Hodari wa harusini si lazima aweze kukesha matangani.

Nimesoma karatasi za maelezo siku tatu, miwani juu ya miwani.
Ukurasa wa kwanza ni wa kujisifu.
Ukweli uko wa sita, jedwalini, kwa herufi za chawa:
mkondo wa utulivu, maikroampia moja.
Nikapiga hesabu: miaka mia mbili sabini na tatu.
Nikacheka peke yangu jikoni. Betri itaoza yenyewe kabla.

Kilikuja kwa posta, kidogo kuliko punje ya ngano.
Nikakipiga lehemu nimeshika pumzi,
nikakipa kapasita kinayoitaka,
si ile iliyokuwa karibu na mkono.

Uliniuliza mbona nahangaika na kitu kisichofanya kitu.
Watazame hao wapya uliowanunua Ludza.
Baridi hii hawalali, wala hawafanyi kazi;
wamefumbatana, wanalamba asali kiasi cha kutokufa.
Nilitafuta chenye adabu hiyo.

Leo tarehe tatu Machi, nje kumi na moja chini ya sifuri,
simu yangu imelia alfajiri:
katikati ya mzinga, thelathini na nne.
Malkia ameanza kutaga.
Betri, kama nilivyoiacha.

Usiende kufungua uone.
Broņislavs, nasema usifungue.