Hatua ya Kumi na Saba

Sanduku nililipata Kakegawa, kwenye mnada wa vyombo vya nyumba,
kati ya birika lisilo na mfuniko na rundo la mito.
Yeni elfu tatu. Muuzaji alinishukuru kwa kumtua mzigo.
Juu yake gari la njano linaruka tuta la mchanga,
matairi ya nyuma yanatema vumbi la mchoraji.
Kona moja panya ameionja, akaghairi.

Ndani, gari lililojengwa nusu.
Difu imefungwa, gia zimekaa, grisi imekauka kama nta ya sikio.
Shokomzoba za mbele zipo; za nyuma bado zimeng'ang'ania fremu yake ya plastiki
kama ndizi kwenye chane.
Na kijitabu cha maelekezo, hatua thelathini,
kila hatua na vema mbili pembeni:
moja ya kalamu nyekundu, ndogo, ya mtu aliyezoea kusahihisha,
moja ya penseli, kubwa, mkia umeparamia mchoro.

Hadi hatua ya kumi na saba.

Ya kumi na nane ina vema ya penseli peke yake.
Ya kumi na tisa vivyo hivyo.
Ya ishirini, penseli imekandamizwa mpaka karatasi ikatoboka.
Ya ishirini na mbili, kisha kweupe.

Bwana Inokuma, mwenye masanduku mia mbili na kumi
na hajafungua hata moja, alinionya kwenye simu:
"Ving'oe vipuri, Chizuru, uviuze. Gari la nusu
ni chungu kilichoepuliwa mapema: si mchele, si wali."

Mimi nafanya zamu ya usiku, kiwanda cha piano, Hamamatsu.
Nyundo themanini na nane kwa kila piano, nazisogeza unywele kwa unywele.
Vidole vyangu vinaujua unywele kuliko vinavyojua salamu.
Na usiku ni mrefu, mtu huwaza.
Labda baba alihamishwa kikazi.
Labda mtoto mwenyewe alisema, niachie, naweza.
Labda hospitali.
Labda wino uliisha tu. Kalamu nazo huisha.

Hatua ya ishirini na tatu niliianza Jumapili, mvua ikinyesha.
Kipete kimoja kiliniponyoka kwenye koleo,
kikaenda kuishi chini ya friji.

Bodi ni plastiki angavu, na hupakwa rangi kwa ndani.
Kwa hiyo unaanza na kitakachoonekana mbele kabisa,
mstari mwembamba, namba, fremu za madirisha,
na njano yenyewe, ile kubwa, inakuja mwisho, nyuma ya yote.
Mimi niliyezoea kupaka kuta nilikaa na brashi mkononi
nikijifunza kuhesabu kurudi nyuma.
Hapo ndipo nilipoliona, ndani ya paa, kwa wino mzito:
Yoshitsugu.
Limeandikwa kinyume, ili lisomeke kutokea nje.
Mtoto huyo alikuwa ameshaelewa.
Nikapuliza njano nyuma ya jina lake. Likasimama.

Kila hatua nimeiwekea vema, kwa penseli.
Kalamu nyekundu ninayo, iko kwenye kikombe karibu na taa.
Siigusi.

Leo alfajiri, zamu ilipokwisha, nililishusha uwanja wa maegesho
na betri mpya na rimoti ya siku hizi.
Likakohoa, likapiga mluzi, likaondoka,
likipita kati ya baiskeli za wafanyakazi, likivuta kushoto.
Kulinyoosha ni robo mzunguko wa bisibisi.
Bisibisi ilikuwa mfukoni. Nikaiacha humo humo.

Bi Tomoe wa zamu ya asubuhi alisimama na mwavuli wake uliokunjwa,
akalitazama likizunguka nguzo ya taa, mara mbili, mara tatu.
"La nani?" akauliza.

"Linavuta kushoto," nikamjibu.