Rangi za Shangazi Mwanamvua

Mtoto wa jicho alipopata pacha jicho la pili,
shangazi hakuacha kwenda mwambani.
Bamvua likitoka alivaa raba zilizotoboka vidoleni,
akanishika bega, tukashuka pale Kigombe
hadi matumbawe yanapoinua migongo.

Yeye alijua kwa nyayo: "Hapa pana shokishoki, ruka."
Mimi nilikuwa na kazi moja,
kumwambia rangi.

Kitatange, nikasema, wa manjano, na mstari mweusi
umepita jichoni kama wanja wa mtu mwenye haraka.
"Mfitini huyo. Hajaacha kujiremba?"
Bunju kavimba, hatujui nani kamuudhi.
Jongoo bahari hajalala wala hajaamka.
Konokono asiye na nyumba anapita
na shuka ya zambarau, pindo la chungwa,
bibi harusi aliyetoroka na mapambo yake.
Pweza sikumuweza. Nikianza "mwe—"
keshakuwa kijani; nikianza "kija—"
keshakuwa jiwe.
Shangazi alicheka hadi akakaa majini.

Siku moja nilichoka. Nilikuwa na miaka tisa, na njaa.
Nikamwambia wote leo ni rangi ya majivu.
Akanyamaza njia nzima.

Kisha wakaja wenye baruti.
Asubuhi moja vikombe vililia kabatini mara tatu.
Bamvua lililofuata tukashuka, na uongo wangu
ulikuwa umenitangulia kufika:
majivu, majivu, kifusi.
"Niambie," akasema.

Nikamwambia pono wa feruzi anatafuna jiwe.
Nikamwambia kiti cha pweza, chekundu,
mkono mmoja umekatika, unaota upya.
Nikaipaka bahari nzima kwa mdomo,
na chini yetu raba zake zikisaga
kitu kama biskuti kavu.

"Na pweza?"
"Anabadilika, shangazi. Sijui nisemeje."
Akanibana bega. Vidole vile vilikuwa vinajua.
"Endelea. Ulimwacha kwenye kijani."

Juzi nilishuka peke yangu.
Katikati ya kifusi, tumbawe changa,
si kubwa kuliko ukucha wa kidole cha mwisho.
"Zambarau," nikasema kwa sauti,
nikasimama palepale, maji yakinipanda magotini,
nikingoja kuulizwa: zambarau ya namna gani?