Sanda ya Karani wa Malindi

Mimi karani Mshamu,
mwenye wino na kalamu,
nilohesabu kwa zamu
pishi za mle ghalani.

Kiangazi kilikaza,
mtama tukapunguza,
wana walipouliza
tukachemsha majani.

Zikaja na merikebu
za Wachina, za ajabu;
zawadi zao kujibu
twiga kaletwa nyikani.

Twiga mchanga, anyonya,
maziwa tukakusanya,
watoto wakatusonya
tukipita mitaani.

Mkalimani wao, Sha,
mpenda kunichekesha,
usiku tulipokesha
alinena kwa makini:

"Kwetu wako maafisa,
hulipwa fedha, kabisa,
mfalume akikosa
wamwambie hadharani.

"Mmoja aliandika
waraka wenye kuwaka,
sanduku akaliweka
la maiti mlangoni.

"Nyumbani wakaagana,
kisha kweupe mchana
akaingia kunena
maneno ya mtimani."

Nikacheka: "Huku kwetu
mkanya Mwinyi si mtu,
hapati tambuu, katu,
haketi tena dakani."

Sha akasema: "Ni wengi
walopigwa mara nyingi
kwa fimbo nene za rangi,
wakafia sakafuni."

Kukicha nikaambiwa:
"Andika: huyu kazawa
kwa haki niliyogawa,
hatokei duniani

pasi mtawala mwema."
Kalamu ikanigoma.
Na bawabu, jitu zima,
likilia njaa chini.

Nikasema, "Naja, Bwana,"
mbio kwangu; Mwanamina
alikuwa akishona
mkeka wa twiga, ndani.

"Nipe sanda." Akatoa.
Kitambaa akatia
kafuri, na hakulia
hadi nifike ngazini.

Nikapita kuazima
jeneza; imamu hima
aliuliza, kahema:
"Nani keshafa mjini?"

"Bado," nikajibu. Kando
naye, pasipo kishindo,
wala kuuliza mwendo,
akajitwika begani.

Nililiweka jeneza
katikati ya baraza;
wazee wakanyamaza,
tambuu zi midomoni.

Nikasema: "Huyu twiga
kwa Wasanye huwa mboga;
alikuwapo, si soga,
nawe hujawa tumboni.

"Kama ni kwa haki yako
kazawa, na njaa iko,
njaa nayo ni ya huko
mbinguni, ama ya nani?

"Fungua ghala wapewe.
Mtama si wako wewe.
Au basi niuawe,
sanda ipo, mkononi."

Mwinyi akatema mate
mekundu; ikawa, sote
twangoja neno lipite,
kumbe kicheko kooni.

"Sanda nzuri," akasema,
"kweli ni ya mtu mwema;
mvike huyo mnyama,
utepe wake shingoni."

Wakacheka. Nikachana
vipande viwili, sina
pa kuficha uso, tena
nikafunga kama kuni.

Jeneza nikarudisha,
imamu akalikosha:
"Li tupu, nalo latosha,"
akanena kisimani.

Ghala? Usiku wa pili
milango wazi miwili;
nani katoa kufuli
sijamwuliza fulani.

Mwaka wa tatu, Sha huyo
akarudi, meno hayo,
kaleta habari hiyo
Malindi, kwangu jikoni:

"Twiga alipowasili
wakasujudu kwa mbali;
mmoja, mtu mkali,
akasimama safuni.

"'Ni mnyama tu,' kasema,
'na mpunga umekwama,'
halafu akatazama
kitambaa cha shingoni."

"Akafa?" nikauliza.
Sha mkate akameza.
"Tanga walishalikaza,
sijui yaliyo ndani."

Mwanamina kanunua
sanda nyingine. Ajua
kiangazi kikitua
nitaitaka kapuni.