Maji ya Betri

Mfereji wetu hapa Makadara una siku ya tisa haujatoa tone.
Musyoka wa mkokoteni amepandisha bei ya mtungi,
nami nimekaa sakafuni, naitafutia mashine maji.

Usinicheke. Ilizimika mara nne
katikati ya harusi ya Mwanakhamisi.
Mimi ndiye niliyeipiga, mimi ndiye ninayeiunga,
na kila bibi harusi anapofunuliwa uso
feni zinalia kama kinu cha posho,
nyuzi tisini na nane, kisha giza.
Mamake hunipigia asubuhi, adhuhuri, na baada ya isha:
"Mwanangu keshapata mimba, video i wapi?"

Basi nikauza kamera ya zamani.
Bloku ya shaba ikaja na basi kutoka Nairobi,
imevishwa soksi.
Rejeta niliipata Mwembe Tayari, kwa fundi
asiyejua anachouza, wala sikumwambia.
Pampu, ndogo kama kopo la maziwa.
Mabomba ya plastiki, angavu, mita mbili tu,
na kila kosa shilingi mia nne.

Baba akaja na mkongojo wake, akavuta kigoda.
Miaka thelathini na moja alitandaza mabomba mji huu,
Ganjoni, Kizingo, Tudor, hadi magoti yakakataa.
Akaigeuza rejeta kwenye mwanga.
"Hii ni nini?"
"Aluminiamu."
"Na hicho?"
"Shaba."
Akanirudishia. "Hawa hawaoani.
Ukiwatia maji mamoja, mmoja atamla mwenzake
polepole, bila ugomvi, mpaka siku utakapoliona tundu."
Nikarudi Mwembe Tayari.
Fundi sasa alijua anachouza.

Kukunja ndiko kulikoniliza.
Bomba ukilipasha moto hulainika kama tambi;
ukilizidishia, linatoka malengelenge;
ukilikunja tupu, linajikaba koo.
La kwanza. La pili. La tatu nikalitupa ukutani.
"Sisi tulikuwa tukijaza mchanga," akasema, hanitazami.
"Chenye kitu ndani hakivunjiki kiuno."
Mchanga ungekwaruza. Tukapitisha kamba ya mpira
tuliyoipaka sabuni, akaishika mikono yangu kwa yake,
tukahesabu hadi ishirini,
na kona ikatoka.

Tepu yake nyeupe lakini nilimkatalia.
"Pete za mpira zatosha, baba."
Akainusa moja, ndogo kama kipini.
"Maji hayana haya," akasema.
"Hupita pale pale ulipoyaamini."

Ya kisima yana chumvi. Ya Musyoka yana kutu.
Nikanunua ya betri, galoni moja, kwenye kituo cha petroli,
kijana akaniuliza gari langu aina gani.

Tukajaza usiku. Mashine imezimwa, pampu peke yake inanguruma,
na chini ya kila kiungo karatasi ya chooni, nyeupe.
Mapovu yakakimbizana kona hadi kona
kama watoto waliofunguliwa chuoni.
Tukaiinamisha huku, tukaiinamisha kule,
baba anaipapasa mgongo kama mtoto anayetakiwa kucheua.

Saa tisa za usiku karatasi moja ilikuwa na doa,
kubwa kama dengu.
Hakuwasha taa. Akapeleka kidole gizani, kikafika.
"Robo mzunguko," akasema. "Na usikaze kwa hasira."

Kaskazi hii chumba kina nyuzi thelathini na tatu,
na maji hayawezi kuwa baridi kuliko chumba yanamokaa;
hilo nimelikubali.
Lakini Mwanakhamisi anafunuliwa uso.
Sitini na mbili. Sitini na nne. Sitini na nne.
Anatabasamu, anainama, mashine kimya,
nasikia hata saa ya ukutani.

Baba ameinamia kioo cha kasha.
"Yanakwenda wapi?"
"Hayaendi. Yanazunguka."
"Yanarudi yote?"
"Yote."
Akanyamaza. Kisha akaenda jikoni, akafungua mfereji
kwa mazoea tu, ukakohoa hewa, akaufunga.
"Hayo yaliyobaki kwenye galoni," akauliza,
"yafaa kwa udhu?"

Adhana ya kwanza imeanza.
Ninammiminia, kidogo kidogo, kiganjani.