Mahali pa Kuiweka

Imekuja ndani ya sanduku lililorudi bila mwenyewe,
imeviringwa katika kanzu ya mdogo wangu Shaame:
GPS ya malori, kioo inchi saba.
Waya umo. Chaja imo.
Mguu wa kuishikilia haumo.
Umebaki Sohar, nadhani, umeng'ang'ania kioo cha lori
ambalo sasa lina dereva mwengine.

Basi nikatafuta mguu.

Wa kwanza niliununua Chake, duka la simu:
kisahani cha mpira kinachonyonya kioo.
Muuzaji aliubandika kwenye kabati lake, akaniambia vuta.
Nikavuta. Kabati likaja.
Lakini kabati lile liko kivulini,
na Fuso la Bi Riziki hushinda juani bandarini Mkoani
likingoja meli ishushe saruji.
Siku ya tatu mpira ulilegea taratibu
kama mtu anayesinzia kwenye hotuba ya Ijumaa.
Chombo kikamwangukia Kombo, utingo wangu, mapajani,
na mapajani kulikuwa na mfuko wa urojo.

Wa pili ni mto wa mchanga,
unakaa juu ya dashibodi kama kuku anayeatamia.
Labda ungefaa Unguja, ambako barabara imelala chali.
Huku kwetu ni panda shuka, panda shuka:
nikipanda unanijia kifuani,
nikishuka unakwenda kusalimia kioo.

Wa tatu hubana kwenye matundu ya upepo.
Huo sikuununua.
Matundu ya gari hili yalitoa upepo mara ya mwisho
Shaame akiwa utingo.

Kombo akasema tutoboe. Skrubu nne, bamba la chuma, kwisha.
Nikamwambia dashibodi si yangu;
Bi Riziki anayajua machubuko ya gari hili
kama anavyowajua wajukuu zake.
Na hata tukitoboa, tutoboe wapi?
Chombo kikubwa hula kioo.
Katikati, kinameza kona ya kushoto
pale watoto wa chuoni wanapochomoza na juzuu zao.
Kulia, kinaziba kioo cha ubavuni.
Chini, karibu na gia, itanibidi niinamishe shingo,
na dereva akiinama ameshaiacha njia.
Nilikata kipande cha boksi ukubwa uleule,
nikakaa garini nikikipeleka huku, nikikirudisha kule,
mpaka alasiri ikaadhiniwa.

"Ya nini?" Kombo akauliza.
"Miaka ishirini na mitatu unaendesha.
Kisiwa kina barabara ngapi ambazo huzijui?"

Sikumjibu.
Usiku ule niliiwasha peke yangu, gari limezimwa.
Ikaamka, ikatafuta mbingu, ikazungukazunguka,
halafu ikanionesha mahali pamoja tu palipohifadhiwa.
Nyumbani, imeandikwa, kwa herufi zetu.
Kidole kilisita.
Miaka tisa mtu yuko Oman, ana chumba, ana kitanda,
ana jirani anayempa tende.
Nikabonyeza.
Mwanamke akasema kwa Kiarabu
mita mia mbili, kisha pinda kushoto.
Kushoto, baada ya mita mia mbili,
ni mlango wa mama, Kangagani.

Mguu amenichongea fundi Mbarouk, mtengeneza vitanda wa Wete,
kwa mti wa mfenesi na nati mbili za baiskeli.
Hautoboi kitu. Unabana ile fimbo ya chuma
anayoishika utingo gari likiingia mashimoni.
Fundi aliutazama, akanitazama.
"Umekielekeza kwa utingo. Wewe dereva utaona nini?"
Nikamwambia mimi nitasikia.

Kombo analalamika kwamba magoti yake hayana nafasi.
Nimemwambia asogee.